Msomaji Mmoja wa Stoo ya Kitale

Niliambiwa ninakwenda Kitale kwa muda tu, mpaka wapatikane watu wawili wa kupokezana. Hao wawili hawakupatikana, na sidhani kama kuna aliyewatafuta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa msaidizi katika maktaba moja ya Bungoma, na maktaba hiyo ilikuwa na shida ambayo sijaisikia mahali pengine upande wetu: ilikuwa na vitabu vingi vya Kijapani, Kichina na Kikorea, na kati yetu wafanyakazi hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusoma jina lililo kwenye jalada.

Vilikuja kwa ukarimu wa watu. Kulikuwa na mtaalamu wa kilimo kutoka Japani aliyezeekea kwetu, na aliporudi kwao akatuachia vitabu vilivyojaa nyumba nzima. Wamisionari wa Kikorea walipofunga kituo chao wakaleta maboksi yao. Wachina waliokuwa wakijenga barabara, walipovunja kambi, wakaona afadhali riwaya zao zibaki na sisi kuliko kuchomwa moto. Kwetu mgeni akikupa kitu kwa mikono miwili humwulizi utakifanyia nini. Tulipokea, tukapigwa picha, tukanywa soda. Baadaye wanafunzi wa sekondari wakaanza kusomea sakafuni kwa kukosa nafasi, na mkutubi mkuu, aliyekuwa bosi wangu, akaamua vitabu vya Mashariki vihamishwe. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa na ghala la mahindi lisilotumika mjini Kitale. Vikapelekwa huko, nami nikapakiwa pamoja navyo.

Nilipanga chumba mtaa wa Tuwan. Mama yangu alikuwa Kanduyi, kule Bungoma, na kila nikimpigia simu aliniuliza kama nimeshapata marafiki, kwa sauti ile ya kumwuliza mtoto kama amekula. Nilimwambia ninao. Sikuwa nao. Majirani walikuwa watu wazuri wenye shughuli zao, na nilipowaambia kwamba nalinda vitabu vya Wachina walicheka kwa heshima, wakauliza hao Wachina wenyewe wako wapi. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilifurahi mtu wa stima alipokuja kusoma mita. Nilimchemshia chai, akainywa haraka akiangalia saa.

Stoo si maktaba, na hilo nilijifunza kwa mikono. Katika maktaba vitabu vinavyozungumzia jambo moja hukaa pamoja. Katika stoo vinapangwa kwa urefu, vifupi huku na virefu kule, ili nafasi kati ya rafu na rafu isipotee bure. Kila kitabu nilikibandika namba mgongoni, na namba ile ndiyo ilikuwa jina lake. Kwa hiyo kitabu cha kufuga nyuki kiliweza kukaa kando ya mashairi, na kando ya mashairi pakawa na hesabu za kujenga madaraja, mradi vyote vimelingana kimo. Vingine nilivitambua kwa picha. Visivyo na picha nilivifuta vumbi tu nikavirudisha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Msomaji alipaswa kufika Bungoma, kujaza fomu, na fomu ililetwa Kitale na gari la vifurushi. Mimi nilitafuta namba, nikatia kitabu katika mfuko wa turubai, nikakituma Bungoma kisomewe huko. Mwisho wa mwezi niliandika ripoti ya matumizi, na matumizi yalimaanisha fomu zilizokuja. Karibu kila mwezi niliandika sufuri. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuandika.

Alhamisi moja akaingia mama mwenye gambuti zenye matope na kikapu cha kiondo, kitambaa kichwani, akanisalimia kwa Kiswahili cha hapo hapo Kitale. Ilibidi nimtazame mara ya pili ndipo nikaona kwamba uso wake haukuwa wa huku.

"Hapa ndio kuna vitabu ya Japan?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Lakini hapa ni stoo, watu hawasomei hapa. Unaenda Bungoma unajaza fomu, halafu kitabu kinatumwa huko unasoma."

Alifikiria. "Mimi naishi hapa tu, upande wa Endebess. Na kitabu iko hapa. Sasa kwa nini mimi na kitabu twende Bungoma?"

Nikamfungulia.

Hakusoma siku hiyo. Alipita kati ya rafu polepole, kichwa ameinamisha upande, anasoma migongo ya vitabu, na mara moja moja alicheka peke yake. Nilimwuliza anachekea nini. Akasema, "Umeweka daktari wa meno kando ya mapenzi." Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kujua kuhusu rafu zangu mwenyewe bila kuangalia picha.

Historia yake aliniambia kidogo kidogo, Alhamisi kwa Alhamisi. Alizaliwa Japani. Mume wake alikuwa wa familia ya wakulima waliotoka Mkoa wa Kati wakahamia Trans-Nzoia, na akiwa kijana alipelekwa Japani kujifunza ufundi wa mashine za shamba. Akarudi na vyeti na mke. Mke huyo alipika githeri, aliimba kwenye kwaya ya kanisa kwa Kikuyu, na akiangalia lundo la mahindi alijua litajaza magunia mangapi. Mumewe ndiye alikuwa mtu wake wa kuongea naye. Nyumbani, wakiwa wawili, walizungumza Kijapani. Watoto hawakukichukua, walijua kusalimia tu, na sasa walikuwa watu wazima, mmoja Eldoret na wengine Nairobi. Kisha mume akafa.

"Tangu baba watoto aende hakuna mtu," aliniambia. "Maneno inatoka. Juzi nilitaka kusema ile kitambaa ya kufungia mtoto mgongo. Jina ya kwetu imepotea. Nilitafuta siku mzima, nikipalilia, nikikamua ng'ombe. Kiswahili inakuja, Kikuyu inakuja. Yangu haiji." Akafunika kitabu kwa kiganja. "Nikisoma inarudi. Nikikaa wiki mbili bila kusoma inaenda tena. Hii vitabu ikienda, mimi pia nimeisha."

Alisema hivyo bila kulia wala kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

Nilimwekea meza karibu na dirisha. Alisoma kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, kwa sababu alitaka kujisikia. Nami nilikaa upande wangu nikibandika namba na kusikiliza. Sikuelewa chochote, lakini nilijua akifika pahali pa ugomvi na akifika pahali pa huzuni. Siku nyingine zote za wiki stoo ilikuwa baridi na ilinuka mahindi ya zamani. Alhamisi ilikuwa vilevile, ila tulikuwa wawili. Nilianza kununua mandazi ya watu wawili. Mama yangu aliponiuliza tena kuhusu marafiki, nilijibu kwamba ninaye mmoja, na safari hii sikudanganya.

Alikuwa anasoma vitabu vingi kwa wakati mmoja, hiki kurasa chache, kile kurasa chache. Alipoishia alitia kipande cha karatasi alichochana kwenye pakiti ya unga. Baada ya miezi kadhaa rafu zangu zilikuwa na vipande hivyo kila upande, vimechomoza juu ya vitabu. Nilivipenda. Vilionyesha kwamba kuna mtu.

Kwenye ripoti, hata hivyo, hakuwepo. Nilimpigia bosi simu nikamwomba aongeze safu moja tu ya wanaosomea stoo.

"Madam, sikiza," akasema. "Matumizi ni fomu. Stoo haina wasomaji."

"Lakini mzee, huyu yuko. Nimekaa naye hapa."

"Najua yuko. Lakini kwa utaratibu hayuko."

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na aliogopa sana wakubwa wake. Nikaona basi tumfuate kwenye utaratibu wake. Yule mama akasafiri Bungoma, akajaza fomu vizuri, fomu ikanifikia, nami nikatuma kitabu. Ilikuwa siku ya soko huko Chwele, njiani. Gari la vifurushi likaushusha mfuko wangu sokoni pamoja na magunia ya vitunguu, likaendelea na safari. Mama akakaa kwenye benchi Bungoma siku nzima akisubiri kitabu ambacho akiwa Kitale angekifikia kabla ya chai kupoa. Mfuko ulipopatikana ulikuwa umekaliwa na mwuza kuku. Aliporudi Alhamisi iliyofuata alinionyesha jinsi alivyokaa benchini, mikono magotini, na tukacheka mpaka tukafuta machozi. Hakwenda tena.

Halafu ikaja habari. Chuo kikuu kimoja Nairobi kilikuwa kimeanza kufundisha lugha hizo, na kilikuwa kinatafuta vitabu. Kamati ya maktaba ikasema itamtuma mkaguzi aje aone kwa macho yake. Akikuta vitabu vinatumika vitabaki. Akikuta havitumiki vitakwenda.

Bosi hakutaka viende. Ilikuwa sifa kwake kuwa ndiye pekee magharibi nzima mwenye vitabu hivyo, hata kama hakujua vinasema nini. Mimi sikutaka viende, na sababu yangu ilikuwa ikija kila Alhamisi na gambuti. Kwa hiyo wote tulikuwa upande mmoja, na ndiyo maana mambo yaliyofuata bado yananiuma.

Mgeni mkubwa anapokuja kwetu tunajua la kufanya. Shule hupaka mawe chokaa, hospitali hutandika shuka ambazo wagonjwa hawajawahi kuziona, na watu wa kawaida huombwa wapishe. Bosi alifika Kitale na pikapu iliyojaa rangi, brashi, dawa ya kung'arisha mbao na vitambaa vya kufuma vya mkewe. Ilikuwa Alhamisi. Yule mama alikuwapo, na aliposikia mgeni anakuja alivua sweta akakunja mikono ya blauzi.

"Kwetu pia ni hivyo," akasema. "Mgeni akija, nyumba inaoshwa."

Tulifanya kazi siku nzima. Bosi mwenyewe alipanda ngazi akapaka ukuta, tai ameitupa begani, na alikuwa mtu wa kuchekesha kumbe. Yule mama alipangusa vitabu kimoja kimoja kwa kitambaa chenye unyevu, tena kwa kingine kikavu, kwa utaratibu ambao sijawahi kuuona kwa mtu yeyote. Alama za vidole vyake mwenyewe alizifuta. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizokaa Kitale.

Bosi alipofika kwenye vile vipande vya karatasi akasimama.

"Hizi takataka ni za nini?"

"Ndipo mama anapoishia kusoma," nikasema. "Mzee, tuziache. Mgeni akiona hizo ataelewa."

"Ataelewa nini? Mgeni akute karatasi ya unga ndani ya kitabu cha maktaba? Si atasema tunapika humu ndani, bana."

"Wacha aseme."

"Madam."

Nilimgeukia mama aniunge mkono. Lakini yeye alikuwa ameona aibu. Alisema bosi amesema ukweli, si vizuri mgeni kukuta karatasi ya unga. Akaanza kuvitoa mwenyewe. Kila kipande, kabla ya kukivuta, alifungua kitabu akautazama ukurasa kwa muda, midomo ikicheza, kisha akakitoa na kukitia mfukoni.

Nilimwomba aje siku ya mgeni. Akakataa. Alisema Kiswahili chake ni cha shamba, na atatuaibisha. Bosi naye akaunga mkono haraka, kwamba utaratibu hauruhusu msomaji ndani ya stoo na mgeni anaweza kuuliza. Mimi nikasema hao wawili wanafukuza ng'ombe mwenye maziwa ili zizi lionekane safi. Bosi alicheka, akafikiri natania. Siku ya mgeni asubuhi mama alituma nduma zilizochemshwa na thamosi ya chai, na kitambaa safi cha kufunikia.

Mgeni alikuwa mzee mpole wa Nairobi, mwenye miwani na koti la kijivu. Ile meza ya dirishani ilikuwa imevaa vitambaa vya kufuma, na juu yake soda, biskuti na maua ya plastiki. Hapakuwa na pa kuwekea kitabu. Alizunguka rafu zote. Alitoa kitabu hapa na pale, akakifungua, akakinusa, akakirudisha.

"Nani husoma hivi?" akauliza.

"Watu wengi sana," bosi akasema.

"Kama nani?"

Bosi akanitazama. Ripoti zangu zilikuwa mkononi mwa mgeni, na sufuri zangu zote nzuri.

"Kuna mama mmoja," nikasema. "Huja kila Alhamisi. Anasomea hapa, kwenye hii meza."

"Yuko wapi?"

"Ana kazi ya shamba leo," bosi akadakia.

Nikakimbilia rafu nikatoa kitabu ambacho mama alikuwa anakaribia kukimaliza. Nilikijua kwa kimo na namba, hata ningefungwa macho. Nikamwekea mgeni mkononi. Akakifungua. Kilikuwa kimepanguswa kikang'aa. Nilitafuta maneno ya kumwambia kwamba pahali fulani humo ndani, kama mama alivyonidokezea, kuna ugomvi mkubwa baina ya ndugu wawili, na kwamba mtu mmoja huko Endebess anangoja kujua mwisho wake. Nikasema tu, "Hiki anakisoma."

Alinitazama kwa huruma, na nilimchukia kwa huruma hiyo. "Dada, nimetembelea stoo nyingi," akasema. "Vitabu vinavyosomwa vinachoka. Hivi vimepumzika." Kisha akamgeukia bosi akampa mkono. "Lakini niseme ukweli, mzee, sijawahi kuona stoo safi namna hii."

Bosi aliondoka na furaha. Alinipigia kutoka njiani kuniambia tumepita.

Barua ilipokuja aliileta mwenyewe. Alikaa kwenye kiti changu, akaisoma, akanisomea, akaikunja. "Si alisifu?" aliniuliza. "Si wewe ulimsikia akisifu?" Nilikuwa nimeandaa maneno makali, na nilikuwa na haki ya kuyasema. Nilipomwona alivyokaa nilishindwa. Nikamchemshia chai. Hasira yangu sijui niliipeleka wapi. Nadhani iko bado, kwa sababu mpaka leo nikiingia ofisini nikakuta meza imefunikwa kitambaa cha kufuma naanza kununa.

Yule mama nilimwambia Alhamisi kwamba vitabu vinakwenda Nairobi. Aliitikia kwa kichwa muda mrefu.

"Huko kuna watoto ya kusoma," akasema. "Ni vizuri."

Alikuja kutusaidia kufunga. Tulijaza maboksi kwa urefu, vifupi na vifupi, virefu na virefu. Nilimwambia kwa sauti ndogo achukue hata kimoja, kile cha ndugu wawili, mimi ndiye ninayehesabu na hakuna atakayejua. Alikishika kifuani kidogo. Kisha akakiweka kwenye boksi, mahali pake hasa.

"Kitabu ya kuiba nitasoma nikiangalia mlango," akasema. "Sitasikia."

Lori likaja asubuhi likaondoka kabla ya saa sita. Mimi niliachwa nyuma kusubiri mwenye ghala aje achukue ufunguo, na mwenye ghala hakuwa na haraka. Sauti ya viatu vyangu ilikuwa kubwa mno humo ndani. Nilijikuta nakaa nje, kizingitini, hata mvua ikinyesha.

Alhamisi akaja. Gambuti zile zile, kiondo kile kile. Alisimama mlangoni akatazama rafu tupu, akasema miguu imezoea njia. Tukakaa mezani, kila mtu upande wake, tukala mandazi. Mwishowe nikamwomba anisimulie kitabu cha wale ndugu, hapo alipofika.

"Kwa Kiswahili?"

"Hapana. Kwa kwenu. Vile ulikuwa unasoma."

Aliniangalia kuona kama nimemaanisha. Akapangusa unga midomoni, akakaa wima, akaanza. Mwanzoni pole pole, halafu maneno yakashikana, mikono ikainuka, na sauti ikawa nene kuliko ile ya kunong'ona niliyoizoea. Alimfanya ndugu mmoja mkali na mwingine mjanja. Nilifuata uso wake na nilielewa, au nilijiona naelewa. Alikuwa amesahau kwamba niko hapo, na nilifurahi kusahauliwa namna hiyo.

Kisha akasimama katikati ya sentensi. Alirudi nyuma kidogo akaianza tena, akafika pale pale, akasimama. Akafunga macho. Vidole vyake vilisugua meza kana kwamba neno limeangukia hapo. Akajaribu mara nyingine kwa haraka, kama mtu anayetaka kuruka mtaro, na tena likamkatalia.

Akafumbua macho akaniuliza. Aliniuliza kwa Kijapani. Nilijua ni swali kwa jinsi sauti ilivyopanda mwishoni, na nilijua anauliza nini, linaitwaje lile, lile linalokuja hapa. Nilikuwa nimemsikiliza Alhamisi zote zile, na sikuwa na hata neno moja la kumpa. Hakuliona hilo. Aliinamia meza, macho kwenye midomo yangu, akingoja nimwambie.